Mpimaji Mabao wa Dilala

Ukimuuliza nani alikuwa mfungaji bora, hakukupa jina. Alikugeuzia swali: "Benzake balifungaka ngapi?" Kama hukujua wenzake walifunga mangapi, maongezi yaliishia hapo, yeye alirudi kwenye chai yake na wewe ukabaki na jina lako mdomoni. Vijana wa pikipiki waliokuwa wakingoja abiria karibu na kioski walilichukia swali hilo. Kijana alikuja amejaa, simu mkononi, ana habari zote za Ulaya, akaondoka anajikuna kichwa.

Sisi tulimwita Mpimaji. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika maabara ya kampuni ya mgodi, kazi ya kusema jiwe lililoletwa lina shaba kiasi gani ndani yake. Kiasi hicho wanakiita teneur, na mjini kwetu Kolwezi hata muuza vitumbua anajua maana yake. Lori likipita limejaa mawe mpaka juu, mtu wa njiani anaona utajiri. Mpimaji aliona kwamba katika kila kilo mia za mawe yale kuna kilo moja na nusu ya shaba, na kwamba gari dogo linalofuata nyuma limebeba mawe machache yenye shaba nyingi kuliko hayo. Alipostaafu mawe yalimwisha, lakini hamu ya kupima haikumwisha, kwa hiyo akahamia kwenye mpira, ambao mabao yake alikuwa akiyaandika daftarini tangu ujana.

Alizaliwa wapi, babu yake alikuwa nani, sijui na sikuwahi kuuliza. Nilimjua kama jirani, nyumba ya tatu kutoka kwetu, katika zile nyumba za matofali za kampuni zinazofanana mpaka mgeni anaingia kwa mwingine na kuvua viatu kabla hajagundua. Ya kwake uliitambua kwa vikombe. Kila kikombe kilisuuzwa mara tatu, kikageuzwa juu ya kitambaa cheupe barazani, na ole wako ukinywa kabla hakijakauka. Mikono yake mwenyewe aliinawa mara tatu pia, kabla ya kula, baada ya kula, na baada ya kusalimiana na watu kanisani. Mkewe, muuguzi mstaafu, alisema aliolewa na mtu aliyemshinda yeye kwa kunawa, na yeye ndiye aliyekuwa akifanya kazi hospitali.

Sokoni alikuwa balaa. Hakununua maharagwe kwa kuyatazama. Alimwomba mama muuzaji ayamwage juu ya gunia, akayachanganya, akayafanya kilima, akakigawa mafungu manne kwa kiganja, akaondoa mafungu mawili yanayotazamana, akachanganya yaliyobaki, akagawa tena, mpaka akabaki na konzi moja. Konzi hiyo ndiyo aliyoikagua punje kwa punje. Ndivyo walivyofanya na mawe kwenye maabara, ili mtu asichague jiwe zuri la juu akadanganya kwalo.

"Tata, maharagi yangu haiko mawe ya mine," mama yule alimwambia kila juma, mgodi akiuita mine kama sisi sote. "Twala ao acha."

"Nitatwala, mama. Ngoja kwanza nijue ninatwala nini."

Wafungaji aliwapima hivyo hivyo. Hakukubali umletee mechi nzuri ya mtu, wala msimu wake mzuri. Alitaka mechi zote, achanganye, agawe. Kisha aliuliza washambuliaji wengine wa ligi ile, mwaka ule, walifunga mangapi kila mmoja. Ikiwa wao walifunga kumi na huyu ishirini, huyu alikuwa mara mbili ya wenzake, na hiyo ndiyo ilikuwa teneur yake. Ikiwa kwenye ligi nyingine kila mtu alifunga ishirini, basi mwenye ishirini na tano wa huko alikuwa mtu wa kawaida tu, hata kama mitaa mizima iliimba jina lake. Kabla ya yote hayo lakini alikausha. Jiwe lililonyeshewa mvua linakuwa zito, na uzito ule ni maji, kwa hiyo maabara hulitia jiwe kwenye tanuri kwanza. Kwa Mpimaji, penalti zilikuwa maji. Mabao sita dhidi ya timu iliyokuja pungufu yalikuwa maji. Ukianza kumsifu mtu, alinyanyua kidole: "Kwanza tukaushe."

Kwa kweli haki yake ilichosha. Kulikuwa na watu wawili ambao haki hiyo iliwakwepa, na mimi nilikuwa mmojawapo.

Mwingine alikuwa mdogo wake. Zamani, wakati timu ya kampuni ikicheza kwenye uwanja wa changarawe na magolikipa wakidaka kwa mikono mitupu, mdogo wake alikuwa namba tisa. Wazee wa mtaa wetu wa Dilala wakimzungumzia wanasimama kukuonyesha jinsi alivyogeuka. Mpimaji peke yake ndiye aliyenung'unika. "Alifungaka mabut mepesi," alisema, yaani mabao rahisi, akageuza kikombe. Wazee walicheka, wakasema ni wivu wa ndugu. Mimi pia niliamini hivyo. Kwenye kabati lake, kando ya kopo la sukari, kulikuwa na kiatu kimoja cha kuchezea mpira, cha ngozi, kimekauka mpaka kimejikunja. Nilimuuliza siku moja ni cha nani, akanijibu ni cha mtu aliyehamia Musumba akalime mihogo. Mtu huyo alifia huko msimu wa mvua, barabara ikiwa haipitiki, na Mpimaji hakufika kumzika. Hilo nililijua kwa mkewe.

Sasa mimi. Nilikuwa namba tisa wa timu ya wasichana ya mtaa, miaka ambayo ligi yetu ilikuwa na timu chache na jezi zetu zilikuwa za kaka zetu, zinafika magotini. Mpimaji alikuja kwenye kila mechi. Alikaa kwenye kigoda chake karibu na bendera ya kona, miguu pamoja, daftari mapajani, na sisi tulidhani anaandika mambo yake ya wanaume. Siku moja timu ya Kasaji ilifika kwa treni imechelewa, na wachezaji wanane tu. Nilifunga mabao kumi na moja. Walinibeba mabegani kutoka uwanjani, mama yangu alitoka nje na kanga ya jikoni akiimba, na tulipopita kwenye uzio wa Mpimaji nilimwona amesimama pale. Nilimngoja aseme kitu. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilitaka aseme kitu kuliko nilivyotaka chakula.

"Leo mvua ilinyesha sana," alisema. Jua lilikuwa kali ajabu.

Nilielewa maana yake, nikamnunia. Nilimnunia miaka, nikamaliza shule, nikawa mwalimu, nikaolewa, nikarudi kuishi kwenye nyumba ya wazazi wangu, na bado nikimsalimia nilimpa mkono bila kumpa macho. Nilijua kwamba yale kumi na moja yalikuwa na maji. Kilichoniuma ni kwamba aliyakausha halafu hakuyapima. Wavulana aliwakausha, akawapima, akawapa teneur yao hata wale wa mtaani wasiovaa viatu. Mimi niliishia kwenye tanuri.

Halafu ukuta wa uwanja ukajengwa upya, na shefu wa mtaa, kiongozi wetu, akatangaza kwamba upande wa barabarani utaandikwa jina la mfungaji mkubwa kuliko wote waliowahi kutoka Dilala. Kila aliyekuwa na mdomo alisema. Wazee walimtaka yule namba tisa wa kampuni. Vijana walimtaka mwenzao aliyecheza Lubumbashi kwenye nyasi za plastiki, mwenye video, na wachache wakamtaja mshambuliaji wa timu ya kanisa. Wazee walisema enzi zao mpira ulikuwa mzito, ukilowa maji unavunja shingo. Vijana walisema enzi zile magolikipa hawakuwa na glavu na hakuna aliyekuwa akikaba. Wote walikuwa wakisema kweli, na ndiyo sababu ugomvi haukuisha. Mwishoni shefu alikwenda kwa Mpimaji akamwomba apime yeye, kwani kila mtu alijua kwamba hata mdogo wake hatampendelea.

Mimi sikutajwa na mtu. Mume wangu alinishauri niache, nisijiaibishe. Nilikaa na jambo hilo siku tatu, nikisahihisha madaftari ya watoto bila kuona ninachosahihisha. Siku ya nne nilimfuata Mpimaji sokoni.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya kilima cha maharagwe, kiganja kimekata katikati.

"Tata," nilisema, "mi pia nilichezaka."

"Nayua, mama."

"Basi unipime."

Hakuinua kichwa. "Ya bamama ni ligi ingine. Sina mizani ya ile."

Mama wa maharagwe alikunja mikono akasubiri, naye sasa alitaka kusikia. Hasira yangu yote ya miaka ilinipanda, lakini ilipofika mdomoni ilitoka kama swali la darasani, nalo lilihusu maabara yake.

"Mu labo, mawe ilikuwa inatoka mine moja tu?"

"Hapana. Ilitokaka kila pahali."

"Na kila mine ilikuwa na mizani yake?"

Kiganja chake kilibaki pale pale katikati ya maharagwe. Mteja mwingine alikuja, akauliza bei, akaondoka. Kisha Mpimaji alisimama, magoti yakilia, akapangusa mikono, akaenda zake. Hakununua. Mama wa maharagwe alinitazama kama niliyemvunjia nyumba. "Ule hakuachaka maharagi hata siku moja," alisema.

Wiki mbili zilipita sikumwona barazani. Kisha mkewe alikuja shuleni kwetu wakati wa mapumziko, akaniambia mzee ananiita Jumamosi baada ya chai ya asubuhi, na nije na kalamu nyekundu. Macho ya mzee hayakuwa yakisoma tena, mtoto wa jicho ameyafunika. Alihitaji msomaji.

Nilimkuta mezani, amevaa koti lake jeupe la maabara, limepigwa pasi. Mbele yake kulikuwa na karatasi nne. Alinieleza kwamba mkewe alinakili kila mfungaji kwenye karatasi yake kutoka kwenye madaftari, bila jina, bila timu, bila mwaka, namba tu. Ndivyo jiwe lilivyoingia maabara, mpimaji asijue ni la mgodi gani wala la bosi gani. Mimi nitasoma, yeye atapima.

"Usiniambie kitu," alisema. "Hata ukiyua. Soma tu."

Nilisoma namba moja, akakausha, akapima. Nilisoma namba mbili, mabao mengi ya vichwa, magolikipa wasio na glavu. Nilisoma namba tatu. Kisha nilichukua namba nne na mstari wa kwanza nikausoma mara mbili. Bao kwa mguu wa kushoto, mvua kubwa, watazamaji watatu. Niliikumbuka mechi ile. Mmoja wa wale watatu alikuwa mama yangu, wa pili alikuwa kocha, na wa tatu alikuwa kwenye kigoda, na gunia la plastiki kichwani.

Yalikuwemo yote. Kila bao, kila mechi, misimu sita. Lile la Krismasi lililokataliwa, ameandika kwamba lilikuwa halali. Mechi niliyocheza na homa. Alikuwa ameyaandika yote na hakuwahi kuniambia, na hapo mezani nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga.

"Unaendelea?" aliuliza.

Niliendelea. Nilipofika kwenye kumi na moja, alinyanyua kidole. "Bapinzani balikuwa ngapi?"

Ilikuwa imeandikwa. "Munane, tata."

"Mbili ibakie. Kenda ni maji. Kata."

Nilifungua kalamu nyekundu nikayakata mabao yangu tisa kwa mkono wangu mwenyewe. Nilipofika kwenye la saba nilisita, kwani la saba lilikuwa zuri, nililipiga nikiwa nimegeuka. Nililikata. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, analitazama dirisha.

Alipomaliza, namba mbili alikuwa juu. Namba nne alimfuata kwa karibu sana, sehemu ndogo ya bao. Wengine wawili walikuwa mbali. Niliweka kalamu chini. Nilikuwa nimepimwa na nilikuwa wa pili, na sikujua niweke wapi mikono yangu.

"Sasa double," alisema. "Jiwe moja tunapimaka mara mbili. Changanya makaratasi, uanze na ya mwisho."

Tulianza upya. Chai ililetwa ikapoa. Safari hii alirudi kwenye wale magolikipa wasio na glavu, akafikiri, akasema wenzake wa namba mbili nao walifunga kwa magolikipa hao hao, lakini mabao mawili ya mashuti ya mbali yeye mwenyewe alikuwa ameyapitisha bila kuyakausha. Akaniambia niyakate. Akajumlisha kichwani, midomo ikicheza. Namba nne akawa juu, kwa sehemu ndogo ile ile.

Alitandaza vidole juu ya meza.

"Mizani ikitetemeka namna hii," alisema, "hatuandikake mushindi. Tunaandika bote mbili. Mama, fungua."

Mkewe alitoa kipande cha karatasi mfukoni mwa aproni yake. "Mbili ni mudogo yako," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Ine ni huyu mwenye kukaa mbele yako."

Mzee alivua miwani isiyomsaidia tena akaiweka juu ya kitambaa. Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha.

"Aliniulizaka," alisema. "Siku ya kuenda Musumba, iko mu gari tayari. 'Yaya, kaka yangu, mi niko wa ngapi?' Nikamuambia, sijamaliza kupima. Niliogopa bantu baseme namupima muzuri juu ni mudogo yangu. Sikumupima hata siku moja. Nilisema tu mabut mepesi, mabut mepesi."

Nilimshika mkono. Ulikuwa na harufu ya sabuni.

"Na we," alisema. "We nilikuandika yote. Nilisema nitapima kesho. Kila siku kesho. Ningekupima, ningelazimishwa kukulinganisha na yeye. Unisamehe, mwana wangu."

Nilimwambia nimemsamehe, na nilipolisema nikakuta ni kweli.

Shefu wa mtaa hakufurahi kupokea majina mawili. Mchoraji alikuwa amepima nafasi ya moja. Vijana walilalamika juma zima. Kisha mtu fulani akauliza wenzake wa yule wa Lubumbashi walifunga mangapi, na hakuna kijana aliyejua, wakarudi kwenye pikipiki zao. Mchoraji alipunguza herufi.

Siku rangi ilipomalizwa, tulimleta Mpimaji kwa pikipiki, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nikimshika koti. Alinyoosha mkono wa kulia akatafuta ukuta. Nilimwelekeza kwenye jina la mdogo wake, akalifuata herufi kwa herufi kwa kidole gumba, polepole. Akauliza langu liko wapi. Nilimsogeza hatua mbili, akaliwekea kidole cha pili, akalifuata nalo mpaka mwisho. Rangi ilikuwa bado mbichi. Alipoondoa mkono, vidole viwili vilikuwa vyeupe, na kwenye ukuta mstari mmoja kwenye kila jina ulikuwa umepotoka kidogo. Umepotoka hadi leo, na hakuna anayekubali uwekwe sawa.

Jioni mkewe alikuja kwetu akicheka na kufuta macho. Alikuwa amemletea mzee beseni, sabuni, na mafuta ya taa ya kutoa rangi. Mzee alinawa mkono wa kushoto mara tatu, kama kawaida yake, na wa kulia akauficha chini ya meza. Alikula kwa kijiko siku ile na siku nne zilizofuata.